Umeme ambao haukutumika

Wadau, hivi kuzima mashine nayo ni kazi ya kulipwa? Msicheke, Marekani swali hili lilifika Mahakama ya Juu.

Mwaka 2011 FERC, tume ya serikali kuu inayosimamia soko la jumla la umeme, iliamuru kwamba kiwanda kikikubali kupunguza matumizi saa za mahitaji makubwa, kilipwe bei ileile anayolipwa mwenye mtambo wa kufua umeme, mradi punguzo hilo liwaletee wanunuzi nafuu. Wenye mitambo wakaja juu. Wakadai tume imeingilia soko la rejareja, ambalo ni la majimbo. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi. Januari 2016 Mahakama ya Juu ikautengua kwa kura 6 kwa 2, hukumu ikiandikwa na Jaji Elena Kagan.

Kwangu mimi, hapo ndipo mteja alipopata heshima sokoni. Mgawo tulioupitia Dar mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji mabwawani, ulituzimia bila hiari wala senti. Kule iliamuliwa kwamba kujinyima kwa hiari kuna bei. Giza letu je, lilikuwa na bei gani? Nyie mwaonaje?