Mtoto Anayejikwaa Kila Mara: Fahamu Jinsi Mwili Unavyojitambua

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ipo pia mingine miwili ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo inayomwezesha mtoto kukaa, kutembea na kushika kijiko bila kumwaga uji.

Mwili hujuaje ulipo?

Fumba macho, kisha gusa pua yako kwa kidole. Umeweza bila kuona. Ndani ya misuli na maungio kuna mishipa ya fahamu inayoueleza ubongo mkono uko wapi na unatumia nguvu kiasi gani. Hii ndiyo hisi ya misuli na viungo.

Ya pili iko ndani kabisa ya sikio, kwenye mirija midogo yenye majimaji. Mtoto akiinama, akizunguka au akirushwa juu, majimaji hayo husogea na ubongo hujua kichwa kimeelekea wapi. Hii ni hisi ya mizani.

Hisi hizi hukomaa kwa kutumika, kwa hiyo mtoto anahitaji nafasi ya kujongea kila siku.

Si utundu, si uzembe

Kwa baadhi ya watoto, ubongo hupata shida kupanga habari zinazotoka mwilini. Unaweza kuona haya:

- Anajigonga mlangoni na kujikwaa mara nyingi kuliko wenzake.
- Anabonyeza penseli mpaka inavunjika, au anawakumbatia wenzake kwa nguvu mpaka wanalia.
- Anaogopa bembea, ngazi au ardhi yenye mabonde.
- Anaziba masikio na kulia honi za malori zinapopigwa. Kwa familia zinazoishi jirani na foleni ya mpakani Tunduma, hali hii inaweza kujirudia kutwa nzima.
- Anakataa sweta linalowasha hata kwenye baridi ya Juni na Julai kule Mbozi, au anatema chakula kinachoteleza kama mlenda.

Dalili moja peke yake si ugonjwa. Watoto wengi huwa nazo kwa muda. Lakini mtoto wa namna hii mara nyingi huitwa mtukutu au mzembe, na huchapwa. Fimbo haiufundishi mwili wake mizani. Humwongezea hofu, na mtoto mwenye hofu hujongea kidogo zaidi.

Mazoezi yaliyomo katika kazi za kila siku

*Chini ya mwaka 1.* Mlaze kifudifudi juu ya mkeka akiwa macho, nawe ukiwa karibu, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Akiinua kichwa, shingo na mgongo hupata nguvu. Wakati wa kulala, mlaze chali. Kumbeba mgongoni kwa kitenge nako kunamsaidia: kila hatua yako inazoeza mizani yake. Hata hivyo, asishinde mgongoni siku nzima.

*Mwaka 1 hadi 3.* Mwache apande na kushuka kizingiti, asukume ndoo tupu, atembee kwenye majani na kwenye mchanga. Unapomwogesha, taja kiungo unachosugua: "Huu mguu, hili goti."

*Miaka 3 hadi 6.* Mpe kazi ndogo zenye uzito unaomfaa: kubeba kidumu cha lita 1, kukanda unga wa chapati, kupukuchua mahindi pamoja nawe. Usimwache peke yake na punje. Watoto huziingiza puani na masikioni. Rede, mdako na kuruka kamba ni mazoezi mazuri. Wachezee uani, mbali na barabara ya malori na bodaboda.

Kama kelele zinamsumbua, mwonye mapema: "Lori linakuja, litapiga honi." Mshike mkono kwa kuukaza kidogo, watoto wengi hutulizwa na mkono imara kuliko mguso mwepesi.

Usisubiri: mpeleke kliniki ikiwa

- Hajaweza kukaza shingo akifika miezi 4.
- Hakai bila kushikiliwa akifika miezi 9.
- Hatembei peke yake akifika miezi 18.
- Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka 1.
- Mwili umekakamaa sana au umelegea sana.
- Hashtuki kwa kelele kubwa, au hageukii sauti yako.
- Amepoteza uwezo aliokuwa nao.

Mtoto aliyekuwa akitembea vizuri akianza ghafla kuyumba, hasa akiwa na homa, kutapika au maumivu ya kichwa, mpeleke siku hiyo hiyo.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa na kadi ya kliniki. Mweleze muuguzi unachokiona nyumbani, hata kama siku hiyo mmekwenda kwa chanjo tu. Omba macho na masikio yapimwe, maana mtoto asiyeona au asiyesikia vizuri naye hujikwaa na kuonekana mkaidi. Ikihitajika, mtaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya mkoa iliyopo Vwawa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Ndugu na majirani wanaweza kukuambia, "Mwache, atatembea tu." Wengine kweli huchelewa kidogo na kuwafikia wenzao. Lakini mwenye tatizo hufaidika zaidi akianza kusaidiwa mapema, na huwezi kuwatofautisha wawili hao kwa kuwatazama tu. Michezo ya nyumbani iendelee, lakini isichukue nafasi ya kumpima.