Sanduku la Chai na Ufunguo Wake

Katika nyumba nyingi za siku hizi majani ya chai hayafichwi. Hukaa jikoni katika mkebe wa bati, au katika pakiti yake ya karatasi iliyokunjwa mdomo, na ye yote aingiaye huweza kuchota kijiko bila kuomba ruhusa. Seremala akiombwa kutengeneza kisanduku cha mbao cha kuwekea chai, atauliza juu ya kimo, upana, idadi ya vyumba vya ndani na rangi ya kupaka. Ni nadra aulizie kitasa. Lakini katika Uingereza ya karne ya 18 sanduku la chai lisilo na kitasa lingeonekana halijakamilika. Katika makala hii twakusudia kueleza kwa nini sanduku hilo lilifungwa kwa ufunguo, ni nani aliyeushika ufunguo huo, na ni jambo gani lililoufanya usihitajike tena.

Chai ilifika Ulaya mapema katika karne ya 17, ikiletwa kwa merikebu za Waholanzi. Mjini London mwenye mkahawa mmoja, Thomas Garway, alianza kuiuza mwaka 1657, na katika tangazo lake alitaja bei ya baina ya shilingi 16 na shilingi 50 kwa ratili moja. Samuel Pepys, ofisa katika utawala wa jeshi la majini, aliandika katika shajara yake mwezi wa Septemba 1660 kwamba aliagiza kikombe cha chai, kinywaji cha Kichina ambacho hakupata kukinywa kabla ya siku hiyo. Mwaka 1662 Mfalme Charles wa Pili alimwoa Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno, aliyekuwa na mazoea ya kunywa chai. Mabibi wakubwa wakamwiga. Serikali nayo ilitoza ushuru juu ya ushuru, hata kufikia mwaka 1784 jumla yake ilikuwa asilimia 119, yaani ushuru ulizidi thamani ya majani yenyewe. Kitu cha bei hiyo hakikuachwa jikoni. Kiliwekwa karibu na bibi wa nyumba, ndani ya sanduku.

Sanduku lenyewe lilikuwa kazi ya fundi hodari. Thomas Chippendale, seremala mashuhuri wa London, alipotoa kitabu chake cha michoro ya samani mwaka 1754, alitia humo masanduku ya chai pamoja na viti, meza na makabati. Kwa kawaida sanduku la namna hiyo lilikuwa na kifuniko chenye bawaba, kitasa upande wa mbele, na ndani yake mikebe au vyumba viwili: kimoja cha chai nyeusi, cha pili cha chai ya kijani. Mengine yaliongezewa nafasi ya tatu katikati, palipokaa bakuli la kioo. Mara nyingi vyumba vilitandikwa ndani kwa utando mwembamba wa madini laini ili unyevu usipite. Mwishoni mwa karne hiyo Waingereza walilipa sanduku hilo jina lililotokana na neno la Kimalei, kati, ambalo halina undugu na kati yetu ya Kiswahili. Kati ya Kimalei ni kipimo cha uzito kipatacho gramu 600 hivi, kilichotumika katika biashara ya nchi za Mashariki. Ndivyo jina la kipimo lilivyogeuka kuwa jina la chombo.

Ufunguo ulikaa kwa bibi wa nyumba. Mtumishi alichemsha maji na kuleta vikombe, lakini majani aliyapima bibi mwenyewe mbele ya wageni, kisha akafunga. Jonathan Swift, katika kitabu chake cha kejeli juu ya kazi za watumishi kilichochapishwa mwaka 1745, ajifanya kumwonea huruma mjakazi. Asema kwamba tangu vilipobuniwa visanduku vya chai na sukari vyenye kitasa na ufunguo, mjakazi amelazimika kununua sukari hafifu, na kumimina maji juu ya majani yaliyokwisha kutumika, yasiyo na nguvu wala ladha. Swift aliandika kwa mzaha, lakini mzaha huo ulieleweka kwa sababu wasomaji wake waliyajua mambo ya majumbani mwao. Katika nyumba moja watu walikunywa maji ya majani yale yale, wengine ya kwanza na wengine ya mwisho, na kilichowatenga kilikuwa kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole.

Hapa yafaa tuziangalie mbao zenyewe. Mengi ya masanduku hayo mazuri yalitengenezwa kwa mahogani, mti ulio wa ukoo mmoja na mkangazi wetu. Ulikatwa katika visiwa vya Karibi kama vile Jamaica, na katika pwani ya nchi iitwayo leo Belize, na waliofanya kazi hiyo ngumu msituni walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Sukari iliyokorogwa katika chai ile ilitoka katika mashamba yaliyolimwa na watumwa wenzao. Kwa hiyo sanduku lililotengenezwa ili mjakazi asiibe kijiko kimoja cha majani lilikuwa limejengwa kwa jasho lililoibwa. Mwenye ufunguo aliuogopa wizi wa jikoni kwake, na ule wa ng'ambo ya bahari akauita biashara.

Kilichokiondoa kitasa ni bei. Mwaka 1784 serikali ya Waziri Mkuu William Pitt ilishusha ushuru wa chai kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5, hasa kwa nia ya kuwavunja nguvu wafanya magendo. Mwaka 1839 chai ya kwanza ya Assam, India, iliuzwa mnadani London. Baadaye mashamba ya India na Ceylon, nchi tuiitayo sasa Sri Lanka, yalitoa mazao mengi hata mfanyakazi wa kiwandani akapata kikombe chake kila siku. Sanduku la sebuleni likabaki kuwa pambo, na mkebe wa bati ukachukua kazi yake.

Mti wa chai nao ukafika katika nchi zetu. Ulipandwa katika bustani ya mimea ya Entebbe, Uganda, mwaka 1900, na huko Limuru, Kenya, mwaka 1903. Rwanda iliupata mwaka 1952. Kwa miaka mingi chai ilisafirishwa ndani ya masanduku makubwa ya plaiwudi, yenye kingo za bati na karatasi ya madini ndani, kabla magunia ya karatasi hayajachukua nafasi yake. Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamia Mombasa mwaka 1969, na hapo huuzwa chai ya Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine pamoja na ile ya Kenya.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, majina ya vyombo nayo ni ushahidi wa historia. Neno chai asili yake ni cha la Kichina, nalo lilipitia Uajemi na India kabla ya kutufikia. Waholanzi na Waingereza walifuata matamshi ya te, yaliyotumika katika pwani ya Fujian. Sanduku tumelipata kwa Waarabu. Kasha na bweta tuliachiwa na Wareno. Debe lilitoka India. Mwanafunzi akiyapanga maneno hayo juu ya ramani, ataziona njia za merikebu na ataelewa ni nani waliouziana nini.

Tukirudi kwa seremala wetu, kazi yake leo ni nyepesi kuliko ile ya Chippendale, lakini kanuni ni zile zile. Majani ya chai huharibiwa na unyevu, mwanga, hewa na harufu. Kwa sababu hiyo mbao iwe imekauka vizuri na isiwe na harufu kali. Mkangazi wafaa, bali mwerezi na msonobari huambukiza chai harufu yake. Kisanduku cha urefu wa sentimita 30, upana wa 20 na kimo cha 15 chatosha kwa vyumba vitatu. Vigawanyio viteremshwe katika mifereji iliyochongwa kwa patasi, visipigiliwe misumari, ili viweze kuchomolewa na kusafishwa. Vanishi ipakwe nje tu. Majani yenyewe yakae katika mikebe yenye vifuniko vya kubana ndani ya vyumba hivyo, na hiliki na tangawizi ziwe na mikebe yake, kwani chai hunyonya upesi harufu ya jirani.

Na kitasa je? Ziko nyumba hadi leo ambamo yaya huamka alfajiri, akachemsha chai ya maziwa kwa wote, kisha yeye akanywa chai kavu nyuma ya jiko. Hakuna sanduku lililofungwa, lakini Swift angeitambua nyumba hiyo mara moja. Twapendekeza basi kwamba walimu wanaofundisha juu ya vyombo vya nyumbani wawaagize wanafunzi wao wachague chombo kimoja, waandike asili ya jina lake na mti au madini yaliyokitengeneza, kisha waulize nyumbani: ni nani hukifungua, na ni nani hutumwa kukileta tu? Majibu watakayoyaleta darasani yatatupa insha nyingi za kusahihisha, na huenda yakatupa na sisi wenyewe jambo la kurekebisha majumbani mwetu.