Kiapo na Baruti

Ewe msomaji, huenda unausoma ukurasa huu darasani Gesima, au penginepo katika vilima vya Kisii na Nyamira. Basi fahamu kwamba nchi hiyo iliwahi kufanywa mahali pa uhamisho. Mwishoni mwa mwaka 1913 serikali ya Kiingereza iliwapeleka Kisii wafungwa wawili kutoka pwani: Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama, na mzee Wanje wa Mwadorikola. Kosa lao lilikuwa nini? Hawakuua mtu, waliwaapisha watu.

Ili tuuelewe uzito wa jambo hilo, na tuwatazame kwanza Wagiriki wa kale. Hao hawakuwa na dola moja. Kila mji ulijitawala, na mara nyingi ulipigana na jirani yake. Hata hivyo makabila 12 yalikuwa na baraza moja la dini, lililolinda hekalu la mungu Apollo huko Delphi. Kila kabila lilikuwa na kura 2, na wote waliapa kwamba hawatauangamiza mji wa mwenzao wala kuukatia maji, iwe vita au amani. Hapakuwa na mfalme wa kuwalazimisha. Kiapo ndicho kilichowafunga.

Lakini mwaka 356 kabla ya Kristo watu wa Phocis, walipotozwa faini na baraza, waliiteka Delphi, wakatumia hazina yake kulipa askari. Hapo Philip, mfalme wa Makedonia, akajitokeza kuwa mtetezi wa hekalu. Alipowashinda mwaka 346, baraza lilimpa kura zao 2. Mwaka 339 likamwita tena. Na mwaka uliofuata, huko Chaeronea, akayashinda majeshi ya Athens na Thebes. Hekalu lilibaki na baraza likaendelea kukutana, bali uhuru wa miji ulikuwa umekwisha.

Sasa turudi kwetu. Wagiriama, mojawapo ya jamii 9 za Wamijikenda, nao hawakuwa na mfalme. Waliishi wametawanyika, lakini kitovu chao kilikuwa Kaya Fungo, katika msitu mtakatifu. Mwaka 1913 serikali ilipodai kodi na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wageni, Mekatilili na Wanje waliwakusanya watu kayani. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatashirikiana na serikali.

Januari 1914 wafungwa hao walitoroka Kisii, wakarudi kwao. Agosti mwaka huo serikali iliilipua kaya kwa baruti, na Wagiriama wengi wakauawa katika vita vilivyofuata. Mekatilili na Wanje walikamatwa tena, wakahamishwa, hata wakarejea mwaka 1919. Mwaka 2008 kaya hiyo, pamoja na nyingine za Wamijikenda, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hebu linganisha, msomaji. Philip hakuibomoa Delphi. Alipewa kiti, na kwa kiti hicho akawatawala waliompa. Waingereza waliibomoa kaya, lakini hawakupewa kiti ndani yake. Kwa hiyo usomapo habari za baraza lolote, usitazame tu kama jengo lake lingali limesimama. Uliza ni nani aketiye ndani, na aliingia kwa mlango gani.