Barua za Ukumbi wa Lyceum

Henry Irving, mwigizaji aliyetawala jukwaa la London katika robo ya mwisho ya karne ya 19, aliletewa barua nyingi kuliko ambavyo mtu mmoja angeweza kujibu. Alizaliwa mwaka 1838 kijijini Keinton Mandeville, Somerset, kwa jina la John Henry Brodribb. Mchezo wa The Bells ulimpa jina mwaka 1871 katika ukumbi wa Lyceum, na mwaka 1878 akaushika ukumbi huo mwenyewe. Tangu hapo kila mwenye haja alimwandikia: mtunzi mwenye mchezo mkononi, mwigizaji asiye na kazi, mkubwa anayetaka viti vizuri, masikini anayeomba msaada. Posta ya London ilizungusha barua mara kadhaa kwa siku, hata ya asubuhi iliweza kujibiwa kabla ya usiku.

Mwandiko wa Irving ulikuwa mgumu kusomeka, na mwenyewe hakupenda kuandika. Kazi hiyo aliibeba meneja wake, Bram Stoker wa Dublin, ambaye kwa makadirio yake mwenyewe aliandika barua zipatazo nusu milioni kwa niaba ya bwana wake. Ndiyo maana barua za Irving zinatupa habari nyingi za kazi yake na chache mno za moyo wake. Stoker naye alitumia ujuzi huo pengine: riwaya yake ya Dracula ya mwaka 1897 imejengwa karibu yote kwa barua, shajara na telegramu.

Desturi ya mkubwa kuandikiwa barua zake na mtu mwingine ilijulikana pia kaskazini-magharibi mwa Ziwa Viktoria. Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alimwacha Uganda kijana aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, Dallington Maftaa, na Kabaka Mutesa akamfanya mwandishi wa barua zake kwa wageni. Wanaosoma leo barua za Mutesa wanakutana kwanza na Kiingereza cha Dallington, kama wanaosoma za Irving wanavyokutana na Stoker.

Stanley huyo alikuwa mgeni wa Irving. Mwaka 1889, akirudi pwani pamoja na Emin Pasha, alipita Karagwe, Ihangiro na Uzinza. Agosti mwaka huo alifika Usambiro kwa mmisionari Alexander Mackay, na Desemba akaingia Bagamoyo. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha safari hiyo, In Darkest Africa, na London ikampokea kama shujaa. Stoker, katika kumbukumbu zake za Irving za mwaka 1906, anamsimulia Stanley mezani kwa heshima kubwa. Wapagazi waliokufa njiani hawakuwa na wa kuwasemea pale mezani.

Sauti nyingine ilipita kwa posta, kwenda kwa mwigizaji mwenza wa Irving. Ellen Terry, aliyezaliwa mwaka 1847, alicheza na Irving kuanzia 1878 hadi 1902. Mwaka 1879 alikuwa Portia na Irving akawa Shylock katika mchezo ambao Watanzania wanaujua kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, Mabepari wa Venisi. Mwaka 1892 Terry alimwandikia mhariri wa gazeti la The World kumwombea msichana mwimbaji. Barua ikafikishwa kwa mhakiki wa muziki, George Bernard Shaw, na kutoka hapo wawili hao wakaandikiana kwa miaka mingi. Hawakukutana ana kwa ana hadi mwaka 1900, ingawa waliishi mji mmoja.

Barua za Terry aliziandika mwenyewe. Zinakwenda mbio, maneno yamepigiwa mistari chini, vistari vimeshika nafasi ya nukta, na uchovu wa mazoezi unaonekana humo pamoja na hofu ya kuzeeka. Shaw alitaka Irving acheze mchezo wake, The Man of Destiny, na Terry akajitahidi kuwapatanisha. Mwaka 1897 mpango ukavunjika. Mwaka 1899 Shaw alimtungia Terry Captain Brassbound's Conversion, mchezo wa bibi wa Kiingereza asafiriye Moroko bila silaha wala hofu. Terry aliposita kuukubali, Shaw alimwandikia alinganishe vitabu viwili vya safari za Afrika, cha Mary Kingsley na cha Stanley. Mwanamke yule alisafiri kwa busara na nia njema, alisema, na Stanley kwa bunduki na vitisho vilivyotokana na woga wake. Hukumu hiyo ni ya haki kuliko sifa zote alizopewa Stanley mezani. Terry aliucheza mchezo huo mwaka 1906.

Irving, mwigizaji wa kwanza kupewa cheo cha Sir, mwaka 1895, alifariki Bradford Oktoba 1905; majivu yake yakazikwa Westminster Abbey. Terry alifariki mwaka 1928 nyumbani kwake Smallhythe, Kent, na nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Barua zake na za Shaw zilichapishwa mwaka 1931, mwana wa Terry, Edward Gordon Craig, akipinga. Za Irving zimetawanyika: nyingine ziko Victoria and Albert Museum, London, na nyingine maktaba ya Folger, Marekani. Nyingi za barua alizopokea kutoka kwa watu mashuhuri wa zama zake, pamoja na zile alizoletewa Stoker, zimehifadhiwa katika maktaba ya Brotherton ya Chuo Kikuu cha Leeds.