Donge chini ya ngozi: Jinsi picha za hospitalini zinavyofichua lupasi

MWANAMKE agunduapo donge gumu kwenye titi, hofu yake ya kwanza huwa ni saratani. Hofu hiyo ina msingi, na hospitali hufanya vyema kuichukulia kwa uzito. Hata hivyo, kwa mwanamke anayeugua lupasi, donge hilo laweza kuwa jambo jingine kabisa, yaani mafuta yaliyo chini ya ngozi kushambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Kisu kikitangulia kabla ya picha kusomwa sawasawa, huenda jeraha likakataa kupona na uvimbe ukazidi papo hapo palipokatwa.

Lupasi ni maradhi ambapo mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupambana na viini, huugeukia mwili unaopaswa kuulinda. Takriban wagonjwa tisa kati ya kila kumi ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Jina lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni mbwamwitu. Wengi huyatambua maradhi haya kwa upele unaotanda mashavuni mithili ya kipepeo, au kwa makovu kama yale yaliyo usoni mwa mwanamuziki Seal wa Uingereza.

Ipo aina iliyojificha zaidi, ile inayopenya hadi kwenye mafuta. Daktari Moriz Kaposi wa Vienna aliieleza mnamo 1883, na katika mwaka wa 1940 Irgang akaipa jina lenye maana ya lupasi ya kina. Huzuka kama madonge karibu na bega, usoni, mapajani, makalioni na kwenye matiti. Ngozi iliyo juu ya madonge hayo yaweza kuwa haina dosari yoyote. Uvimbe ukipoa, mafuta huwa yameharibika na mahali hapo hubaki shimo la kudumu.

Isitoshe, vitabu vingi vya udaktari hufundisha kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Ngozi huwa na rangi ya zambarau au huzidi kuwa nyeusi, na mgonjwa huweza kurudishwa nyumbani na tembe za maumivu. Hapa ndipo picha zinapokuwa na faida kubwa, kwani mashine haitazami rangi ya ngozi.

Mashine ya kwanza kufikiriwa ni ultrasaundi, ile ile inayotumiwa kuwachunguza akina mama wajawazito. Hutuma mawimbi ya sauti mwilini na kuchora picha kutokana na mwangwi unaorudi. Tofauti iko kwenye kichwa cha kupimia. Cha kuchunguza mimba hutumia mawimbi yanayofika mbali tumboni lakini hayaonyeshi vitu vidogo. Cha ngozi hutumia mawimbi ya megahezi 15 au zaidi, ambayo hayaendi mbali ila huonyesha kila tabaka waziwazi. Kwa hiyo mgonjwa aliyeambiwa kwamba ultrasaundi haikuona kitu ana haki ya kuuliza ni kichwa kipi kilichotumika.

Kwa kawaida, mafuta yenye afya huonekana meusi-meusi kwenye picha hiyo. Yaliyovimba kwa lupasi hung'aa na kuwa na ukungu, na mipaka yake hupotea. Mtaalamu hulinganisha mkono unaouma na ule mzima. Kisha huwasha kipimo cha mtiririko wa damu, kiitwacho Dopla. Damu ikionekana kwa wingi kuzunguka donge, maradhi yangali moto na dawa zahitajika. Mahali pakiwa pametulia na mafuta yamekonda, pengine kilichobaki ni kovu tu. Tofauti hii si ndogo, kwa kuwa hakuna sababu ya kumwongezea mgonjwa steroidi kwa ajili ya kovu.

Ultrasaundi husaidia pia kujibu swali linalowasumbua sana madaktari: je, hii ni lupasi au ni jipu? Wagonjwa wengi hutumia dawa zinazopunguza nguvu za kinga, hivyo huambukizwa upesi. Usaha uliokusanyika huonekana kama dimbwi lisilo na damu ndani yake. Kumpa mwenye jipu steroidi zaidi ni hatari, na kumpa mwenye lupasi viuavijasumu pekee ni kupoteza wakati. Tatizo ni kwamba mambo hayo mawili huweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Uvimbe ukiwa umezama zaidi, MRI hutumika. Mashine hii ina sumaku kubwa na haitoi miale kama ya eksirei. Mtaalamu huweza kuufifisha mng'ao wa mafuta ili maji ya uvimbe yabaki yaking'aa. Ni muhimu hasa kwa mgonjwa anayelalamika kwamba mapaja yamekosa nguvu. Misuli iliyovimba kwa maradhi hung'aa. Iliyodhoofishwa na steroidi za muda mrefu kwa kawaida haing'ai, na matibabu yake ni kinyume cha yale ya kwanza.

Tahadhari moja: wakati mwingine mgonjwa hudungwa dawa yenye madini ya gadoliniamu ili picha iwe wazi zaidi. Mnamo 2006 ilibainika kwamba dawa hizo zaweza kusababisha ngozi kukakamaa kwa watu ambao figo zao zimeharibika vibaya. Aina mpya zina hatari ndogo mno, lakini lupasi hupenda figo, kwa hiyo kipimo cha figo hutangulia.

Eksirei na CT huonyesha vizuri chembe za kalisiamu zilizoganda mahali palipougua zamani. Kwenye mamogramu, chembe hizo ndizo huchanganya, kwa maana saratani ya titi nayo huziacha. Hakuna picha inayoweza kumaliza ubishi huo peke yake. Ipo hata saratani adimu ya chembe za damu inayokaa kwenye mafuta na kufanana mno na lupasi. Sharti kipande kidogo kitolewe kwa sindano nene, si kwa upasuaji mpana, na kichunguzwe kwa hadubini; kazi ya picha ni kuonyesha sindano iingie wapi.

Nchini Kenya, mpango wa kukodisha vifaa ulioanza 2015 ulipeleka mashine za picha katika hospitali za kaunti, ingawa MRI ingali zaidi ya miji mikubwa. Anayekwenda kupigwa picha abebe zile za awali, orodha ya dawa anazotumia na majibu ya figo, na amweleze mpiga picha mapema kwamba ana lupasi. Picha ya titi isomwayo bila habari hiyo husomwa kama ya mtu mwingine.