Mgonjwa Asiyehesabiwa

Mshonaji hodari hakati nguo ya mtu kabla ya kumpima. Akimpima kaka, kisha akamshonea dada kwa kipimo kile kile, nguo itabana hapa na kupwaya pale, na lawama itakuwa yake, wala si ya mvaaji. Jambo hili ni dhahiri kwa kila mtu. Hata hivyo, kwa miaka mingi elimu ya utabibu, pamoja na sifa zake nyingi, iliwatendea wanawake mfano wa hayo. Iliupima mwili wa mwanamume, ikaandika kipimo chake vitabuni, kisha ikakitumia kwa watu wote.

Mzizi wa kosa hili ni wa zamani. Waganga wa Kiyunani, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, waliandika kwamba maradhi mengi ya wanawake yalitoka katika tumbo la uzazi. Wengine walidhani kwamba tumbo hilo huweza kuhama mahali pake na kutangatanga mwilini. Katika jina la Kiyunani la tumbo la uzazi ndimo lilimotoka neno histeria, nalo likadumu katika vitabu vya waganga wa Ulaya hata karne ya 20. Mwanamke aliyelalamikia maumivu, au kukosa pumzi, au kwenda mbio kwa moyo, aliweza kuambiwa kwamba ana histeria, na shauri likaisha hapo. Jina lilishika mahali pa uchunguzi.

Katika karne ya 20 msiba mkubwa ulitokea. Mwaka 1957 dawa iliyoitwa thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi. Ilisifiwa kuwa dawa salama ya usingizi, nao wanawake wajawazito wakaitumia kuzuia kichefuchefu. Ilipoondolewa madukani nchini humo mwishoni mwa mwaka 1961, maelfu ya watoto katika nchi nyingi walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu iliyopungua. Marekani ilinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu Daktari Frances Kelsey, mtumishi wa idara ya serikali inayosimamia vyakula na dawa, alikataa kuidhinisha dawa hiyo bila ya ushahidi wa kutosha.

Funzo la msiba huo lilikuwa kwamba dawa zipimwe kwa uangalifu zaidi. Lakini mwaka 1977 idara hiyo hiyo ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe katika majaribio ya mwanzo ya dawa mpya, isipokuwa kwa maradhi ya kuhatarisha maisha. Hata mwanamke asiyeolewa alizuiliwa. Nia ilikuwa njema, maana walitaka kumlinda mtoto ambaye hajazaliwa. Lakini dawa zilizopita katika majaribio hayo ziliuzwa kwa wanaume na wanawake sawasawa. Mwanamke alilindwa mlangoni mwa maabara, akaachwa bila ya ulinzi mlangoni mwa duka la dawa.

Tutazame mfano wa ugonjwa wa moyo. Mwaka 1982 wataalamu wa Marekani walianza uchunguzi mkubwa ili kujua kama aspirini huzuia mshtuko wa moyo. Walishiriki madaktari 22,071, na wote walikuwa wanaume. Matokeo kamili yalipotangazwa mwaka 1989, ilionekana kwamba aspirini ilipunguza mshtuko wa kwanza wa moyo kwa asilimia 44. Habari hiyo ilipokewa kwa furaha. Lakini je, ilikuwa kweli kwa wanawake pia? Hapana aliyeweza kujibu, kwa sababu hapana mwanamke aliyekuwamo katika hesabu.

Mwaka 1991 Daktari Bernadine Healy, bingwa wa maradhi ya moyo, alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Mwaka huo huo uchunguzi ulionyesha kwamba wanawake waliolazwa hospitalini kwa ugonjwa wa moyo walifanyiwa vipimo na matibabu makubwa mara chache kuliko wanaume. Healy aliwakumbusha madaktari hadithi ya Yentl, msichana wa Kiyahudi aliyevaa mavazi ya kiume ili apate kusoma. Alisema kwamba mwanamke naye alilazimika kwanza kuthibitisha kuwa moyo wake ni mgonjwa kama wa mwanamume, ndipo atibiwe kama mwanamume. Madhara yake si madogo. Maumivu ya kifua huwapata wagonjwa wa jinsia zote mbili, lakini wanawake huweza zaidi kupatwa pia na kichefuchefu, kukosa pumzi, au maumivu ya mgongo na taya. Tabibu asiyejua hayo humrudisha mgonjwa nyumbani, na moyo hausubiri.

Mwaka 1993 mwongozo ule ulibatilishwa, na sheria ya Marekani ikaamuru wanawake washirikishwe katika uchunguzi wa tiba unaogharimiwa na Taasisi hizo. Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa aspirini kwa wanawake 39,876, uliochukua miaka kama 10. Kwa jumla, dawa hiyo haikupunguza mshtuko wa kwanza wa moyo kwa wanawake hao, bali ilipunguza kiharusi kwa asilimia 17. Dawa ilikuwa moja, majibu mawili. Tena mwaka 2013 ilibainishwa kwamba zolpidemu, dawa ya usingizi, hukawia zaidi katika damu ya wanawake, hata asubuhi wengine wakaendesha magari wakiwa bado na usingizi. Kiasi chao kilichoshauriwa kikapunguzwa kutoka miligramu 10 hadi 5. Dawa hiyo ilikuwa imekwisha uzwa Marekani kwa miaka 20.

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Watabibu tuliowataja hawakuwa watu wabaya. Waliacha kuuliza kwa sababu walidhani wanajua. Wewe msomaji huenda siku moja ukawa tabibu, au muuguzi, au mtunga sheria. Ukiletewa hesabu ya wagonjwa walioponywa, furahi, kisha uulize ni nani waliohesabiwa na ni nani walioachwa nje. Na mgonjwa akikuambia kwamba anaumwa, msikilize kwanza kabla ya kumpa ugonjwa wake jina.