Sumu Katika Ziwa Tanganika: Tangu Utupa Hata Zebaki

Mutu akisafiri toka Uvira kwenda Baraka, milima inakaa kuume kwake na ziwa kushoto. Ndiyo njia ya Lusenda. Asubuhi wavuvi wakirudi, wamama wanawangoja pwani na mabeseni yao, ndagala wanaanikwa juani, na harufu yao inafika mbali. Mwaka wa 2015 kambi ya wakimbizi wa Burundi ilifunguliwa pale, na wageni wakaanza kula samaki wa ziwa lilelile pamoja na wenyeji. Basi, tukisema habari za sumu katika maji, tunasema habari za chungu cha watu wengi.

Tumesikia mara nyingi neno hili: Tanganika ni kubwa muno, nani ataweza kuichafua? Tulitazame neno hilo kwa mambo yaliyopita.

Wazee wa inchi hizi walijua sumu ya samaki mbele ya kuja kwa Wazungu. Walipanda utupa karibu na nyumba, wakatwanga majani yake, wakayatia mutoni wakati maji yalipopungua. Samaki walipanda juu wakitafuta pumzi, watu wakawaokota kwa vikapu, wakawapika, wakawala bila kuumwa. Wenye elimu walikuja kujua sababu. Ndani ya majani yale kuna rotenoni, nayo inauzuia mwili wa samaki kutumia hewa. Kwa samaki inaingia upesi kwa njia ya mashavu, lakini tumboni mwa mutu inaingia kidogo tu. Tena jua na joto vinaivunja, na kisha siku chache maji yanakuwa mazima. Hatusemi hivi kwa kuisifu kazi ile, kwa maana utupa huua na watoto wa samaki, ndiyo sababu sheria za uvuvi huikataza. Tunataka musomaji ashike jambo moja: sumu ya wazee ilikuwa na mwisho.

Ziwa lenyewe, kinyume cha muto, halina haraka. Mwezi wa novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mutumbwi hata pembe ya kaskazini, wakaona ya kuwa Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Mwaka wa 1874 Cameron akafika kunako Lukuga, mulango mumoja tu wa kutokea. Na mulango huo unapitisha maji machache. Mengi zaidi yanapanda hewani kwa nguvu ya jua, na sehemu kubwa ya vitu vilivyokuwamo inabaki nyuma. Kilindi cha ziwa kinafika metri 1.470. Imehesabiwa ya kuwa maji hukaa humo zaidi ya miaka 400. Ukubwa ambao watu wanautegemea ndio unaofanya ziwa lichelewe kujisafisha.

Katika maji ya namna hiyo ikaingia sumu isiyokuwa na haraka vilevile. Mwaka wa 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua ya kuwa DDT inaua wadudu, akapewa zawadi ya Nobel mwaka wa 1948. Tusiwe watu wasio na shukrani: dawa ile iliokoa watu wengi na malaria na tifusi. Lakini DDT haichanganyiki vizuri na maji, inatafuta mafuta. Inaingia katika vidudu vidogo vya majini, ndagala wanakula vidudu, samaki wakubwa wanakula ndagala, na kwa kila mulaji kipimo kinaongezeka. Rachel Carson wa Marekani aliwaeleza watu wote jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka wa 1962. Mwaka wa 1969 Mufaransa René Truhaut akaipa elimu hiyo jina, ekotoksikolojia, maana yake elimu isiyotazama mutu peke yake, bali inauliza sumu inawafanya nini viumbe vyote wanaoishi pamoja.

Kwetu jibu halikukawia. Katika bonde la Ruzizi watu walilima pamba, na pamba ilitaka dawa ya wadudu. Mwaka wa 1976 Deelstra na wenzake walitangaza ya kuwa samaki wa Tanganika walikuwa na DDT na mabaki yake mwilini. Mwaka wa 2002 wenye elimu wa Burundi na wa Ubelgiji waliandika tena ya kuwa mabaki hayo yangali katika samaki wa kaskazini.

Kisha kuna zebaki. Dunia iliijua vizuri kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka wa 1956: kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na wamama wengine walioonekana wazima wakazaa watoto walioharibika ubongo. Katika Kivu ya Kusini wachimbaji wengine wanakamata zahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma, na moshi wake hauulizi muto gani unakwenda ziwani na gani unakwenda Lualaba. Samaki waliokamatwa mwaka wa 2000 upande wa Tanzania walipimwa, na matokeo yakatangazwa mwaka wa 2008. Zebaki ilipanda toka mudogo kwenda mukubwa, na baadhi ya samaki wakubwa walao wenzao walikaribia au kupita kipimo kilichowekwa kwa kulinda watu walao samaki wengi.

Asitoke mutu hapa akiwatisha wamama wa Lusenda. Ndagala ni mudogo, maisha yake ni mafupi, hapati wakati wa kukusanya sumu nyingi. Kumunyima mutoto ndagala ni kumudhuru. Swali ni juu ya samaki wakubwa na wazee, na zaidi kwa mwanamuke mwenye mimba.

Inchi nne za ziwa zilitia sahihi mukataba wa kulilinda mwaka wa 2003, na Uvira kuna kituo cha uchunguzi wa maji. Mwanafunzi wetu aliyezaliwa pwani ile, akituuliza afanye nini wakati wa likizo, tunamujibu: ushinde asubuhi mutumbwi unapofika, uandike jina la samaki, urefu, uzito, siku na mahali alipokamatwa. Mupimaji wa maabara hawezi kuanza bila daftari hilo.